Kukamua Ng'ombe kwa Mikono

Ndugu, maziwa ya ng'ombe mzima hutoka safi. Uchafu tunautia sisi. Basi nawa mikono kwa sabuni, osha kiwele kwa maji ya moto kidogo, ukipanguse. Acha ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha mfunge karibu na mama yake.

Matone ya kwanza yakamulie kikombeni, uyatazame. Ukiona mabonge au damu, chuchu ile ni gonjwa: ikamue mwisho, na maziwa yake uyamwage mbali.

Usivute chuchu. Ishike kwa mkono wote, ibane juu kwa kidole gumba na cha pili, halafu funga vidole vingine kimoja kimoja mpaka chini. Legeza, ijae tena. Kamua upesi, pasipo kelele wala fimbo, maana ng'ombe mwenye hofu huzuia maziwa. Chuchu moja mwachie ndama. Zingine zimalize kabisa, kwa kuwa maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi.

Chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha mpaka yapande. Hata ng'ombe mnene aweza kuwa na kifua kikuu, na mtoto hukipata kwa maziwa mabichi. Mtu wa kambi ya machimbo anunuapo maziwa yako, anakukabidhi mtoto wake.