Kutoka Jamii ya Wanamuziki hadi Albamu Yake Mwenyewe: Haki Ambazo Msanii wa Muziki wa Asili Anapaswa Kujua

Mwaka wa 1993, Ayub Ogada alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Aliiita En Mana Kuoyo, maana yake "ni mchanga tu". Aliimba kwa Kijaluo na kupiga nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga ubaoni ili kuhesabu mapigo. Albamu hiyo ilichapishwa Uingereza na Real World, kampuni iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel.

Ogada hakuzuka ghafla. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956 kwa jina Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na sehemu ya utoto wake ilipita Marekani walikokuwa wakitumbuiza. Aliporejea Kenya alipitia bendi ya Black Savage, kisha mwaka wa 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Mwaka wa 1986 alihamia Uingereza, ambako alipiga nyatiti mitaani jijini London kabla ya kualikwa kwenye tamasha la WOMAD mwaka wa 1988. Hatimaye alirudi nyumbani Nyahera, Kisumu, na aliaga dunia tarehe 1 Februari 2019.

Safari hiyo inafanana na ya vijana wengi wanaolelewa nyumbani kwenye nyatiti, orutu, nzumari, wandindi au ngoma. Siku moja mtoto anaingia studio peke yake, na hapo yanazuka maswali ambayo pale nyumbani hayakuwahi kuulizwa. Wimbo huu ni wa nani? Baba aliutunga, au aliupokea kwa wazee? Kaka aliyepiga ngoma siku ya kurekodi anastahili nini?

Wimbo mmoja, njia nyingi

Wimbo wa Ogada unaofahamika zaidi ni Kothbiro, yaani "mvua inakuja". Ulirekodiwa kwanza na Black Savage katika miaka ya 1970, na baadaye Ogada akaurekodi upya kwa nyatiti katika albamu yake. Mwaka wa 2005 ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener, ambayo kwa sehemu kubwa ilipigwa hapa Kenya. Mwaka wa 2018, kipande cha rekodi ile ya Black Savage kilitumika katika wimbo Yikes wa Kanye West, na miongoni mwa watunzi waliotajwa walikuwa Ayub Ogada na mwenzake James Mbarack Achieng.

Kila safari ya wimbo huo ina funzo. Filamu ilitumia rekodi moja, na mwanamuziki wa Marekani akatumia nyingine. Rekodi ni mbili, lakini utunzi ni uleule. Jina la mtunzi likiwa limeandikwa mahali panapostahili, linaweza kumtafutia haki yake hata miaka 40 baada ya siku ya kurekodi. Jina lisipoandikwa, anayeulizwa ni kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hufa na wenyewe.

Haki tatu katika wimbo mmoja

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Sura ya 130, inatenganisha mambo matatu ambayo wengi huyachanganya.

Kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Huu ni wa aliyetunga. Hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki.

Pili ni utumbuizaji. Mwimbaji au mpigaji ala ana haki juu ya kile alichokitumbuiza, hata kama wimbo ulitungwa na mtu mwingine. Kaka aliyepiga ngoma yumo hapa.

Tatu ni rekodi yenyewe. Kisheria, mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake. Mara nyingi huyo ndiye aliyelipia na kusimamia kazi ya studio, na huenda asiwe mwimbaji. Hii ndiyo sababu msanii anayerekodiwa "bure" na rafiki anapaswa kuuliza mapema rekodi itakuwa ya nani.

Jambo jingine la kuangalia ni kazi ya kuagizwa. Mtu akikuagiza umtungie wimbo, au ukiutunga ukiwa kazini kwa mwajiri, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Makubaliano hayo yafanyike kabla ya kazi kuanza.

Wimbo wa baba na wimbo wa jamii

Mtoto wa mwanamuziki hurithi nyimbo za aina mbili, na kila moja ina njia yake.

Aina ya kwanza ni nyimbo ambazo mzazi alizitunga mwenyewe. Mzazi akiwa hai, ruhusa ni yake. Akiwa amefariki, hakimiliki ni mali ya urithi kama ng'ombe au akiba ya benki, na hupita kwa wasia au kwa sheria ya urithi. Mtoto anayeimba vizuri kuliko wote hawi mmiliki wa pekee kwa sababu ya kipaji chake. Ndugu zake na mama yake wanaweza kuwa na fungu, na ridhaa yao inahitajika kabla ya wimbo kutiwa katika albamu. Familia nyingi hukosana hapa. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenziwe, ila hakuna aliyeitisha kikao kabla ya pesa kuanza kuingia.

Aina ya pili ni nyimbo za jadi: za harusi, matanga, jando, mavuno na kubembeleza watoto. Hizi hazina mtunzi mmoja anayejulikana, ni za jamii. Msanii akizirekodi hapati umiliki wa wimbo wa jadi wenyewe. Kilicho chake ni kile alichoongeza: maneno mapya, mpangilio wake wa ala, na rekodi yake. Mwingine akija kesho kuimba wimbo uleule kwa namna yake, hajamwibia mtu.

Nyimbo za jadi zina sheria yake, nayo ni Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, Nambari 33 ya mwaka wa 2016. Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili na kuhifadhi maarifa na sanaa za jamii zilizomo katika kaunti. Mtu wa nje anayetaka kuzitumia kibiashara anatakiwa kupata idhini ya jamii baada ya kuieleza wazi anachokusudia. Wanajamii wanaoimba nyimbo zao katika sherehe zao hawazuiliwi na sheria hiyo.

Hatua za kufuata kabla ya kutoa albamu

1. Orodhesha nyimbo zote za albamu. Kando ya kila wimbo andika aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, na kama ni wa jadi, jamii unakotoka.

2. Mkitunga pamoja, kubalianeni mafungu siku hiyohiyo. Karatasi moja yenye majina, asilimia, tarehe na sahihi inatosha kuanzia.

3. Andikianeni na wapigaji ala. Itajwe kama mpigaji analipwa mara moja au ana fungu katika mapato ya baadaye.

4. Usitie sahihi mkataba usioelewa. Kuhamisha hakimiliki, au kumpa mtu mmoja pekee ruhusa ya kuitumia, hakuna nguvu kisheria bila maandishi yenye sahihi. Soma muda wa mkataba, nchi unazohusu, na kama unatoa ruhusa tu au unahamisha umiliki. Kuruhusu ni kama kukodisha shamba. Kuhamisha umiliki ni kuliuza.

5. Sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Hakimiliki huanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, hata bila kusajiliwa. Hata hivyo, cheti cha usajili ni ushahidi mzuri mzozo ukizuka. Usajili hufanyika mtandaoni.

6. Jiunge na chama cha kukusanya mirabaha. Vyama hivi hukusanya malipo kutoka kwa redio, televisheni, hoteli, matatu na maeneo mengine yanayopiga muziki hadharani. Kabla ya kujiunga, hakikisha kwa KECOBO kwamba chama hicho kina leseni halali wakati huo.

7. Fahamu fungu lako katika milio ya kumpokea mpigaji simu. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2022 yanampa msanii au mwenye hakimiliki angalau asilimia 52 ya mapato hayo.

Kaunti inahusika vipi

Jedwali la Nne la Katiba linaweka shughuli za utamaduni na burudani za umma miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mkazi mwenye wazazi au majirani wanaojua nyimbo za zamani anaweza kufika katika ofisi ya utamaduni ya kaunti na kuuliza kuhusu usajili wa sanaa za jamii. Aende na majina ya wazee wanaozifahamu nyimbo hizo, lugha, eneo, na shughuli ambayo wimbo huimbiwa. Ikiwa ana rekodi, hata ya simu, aibebe.

Usajili wa hakimiliki ya msanii binafsi hufanywa na KECOBO, si kaunti. Ni vyema mkazi ajue mlango wa kubisha kabla ya kulipa nauli.

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya, hakimiliki ya nyimbo alizotunga Ayub Ogada peke yake itaendelea hadi mwisho wa mwaka wa 2069. Wimbo uliotungwa na zaidi ya mtu mmoja huhesabiwa kuanzia kifo cha mtunzi wa mwisho. Kwa hivyo, karatasi inayotiwa sahihi studio leo itasomwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Familia inayotaka kuanza inaweza kukaa jioni moja, mzee akiwa bado anakumbuka, na kuandika ni nyimbo zipi alizitunga na zipi alifundishwa.