Je, Wajua? Kunduchi Ilikuwepo Kabla ya Dar

Mgeni akitaka kuona mambo ya kale Dar es Salaam, wengi wetu humpeleka Posta, tukamwonesha Sanamu ya Askari na majengo ya Wajerumani. Hayo ni ya juzi. Yenye umri wake yako nje ya mji, huko tunakopita na daladala kila siku.

Je, wajua kuwa Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, msikiti wa Kunduchi ulikuwa na zaidi ya miaka 300? Unakadiriwa kuwa wa mwishoni mwa karne ya 15. Sasa ni gofu la matumbawe na chokaa. Mafundi wa pwani walikata matumbawe baharini yakiwa mabichi na laini, wakayachonga, yakakauka yakawa mawe. Mengine waliyachoma wakapata chokaa. Saruji haikuhusika.

Karibu na msikiti, penye mibuyu, kuna makaburi, mengi yakiwa ya karne ya 18 na 19. Baadhi yana nguzo ndefu, na humo fundi alibandika mabakuli ya kaure kutoka China, lipu ikiwa bado mbichi. Vyombo hivyo vililetwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na aliyewekewa bakuli kaburini hakuwa mtu hohehahe. Lakini usiende ukitarajia kuyakuta yote: kwingine yamebaki matundu ya mviringo tu. Ukuta ukianguka utalaumu mvua na mizizi, bakuli halijibandui.

Na tunayoyapita si ya kale tu: je, wajua kuwa kituo cha daladala cha Makumbusho, jina ambalo makonda hulipigia kelele mchana kutwa, kimeitwa hivyo kwa sababu ya Makumbusho ya Kijiji? Yalifunguliwa miaka ya 1960, na ndani yake mna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Abiria wanaoshuka hapo ni wengi. Wanaoingia ndani sijui kama ni mmoja katika mia.

Makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo nayo hayakuanzia hapo. Mwaka 1968 makaburi 660 yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara. Wale ambao makaburi yao hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja walizikwa upya kwa pamoja.

Na Temeke? Mashabiki wa Simba na Yanga wanaokwenda uwanjani kwa Mkapa hupita jirani kabisa na Uwanja wa Uhuru. Ni hapo, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Tanganyika ikapandishwa.

Mwisho, je, wajua kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863? Kunduchi imo. Basi ukifika pale, tafuta mwenyeji wa kukuongoza, vaa viatu vya kufunika miguu, na ukiona kigae cha kaure mchangani, kipige picha ukiache hapohapo.