Akili mnemba na uhaba wa watumishi wa bima (Mbulu na Hanang)

Uhaba wa watumishi wa bima ni hali ya kukosa watu wa kutosha wenye ujuzi wa kuandikisha wanachama, kukadiria hatari, kutathmini hasara na kushughulikia madai ya fidia. Nchini Tanzania hali hiyo hugusa sana maeneo ya vijijini, kama vile wilaya za Mbulu na Hanang katika mkoa wa Manyara. Njia mbili za kuikabili ni akili mnemba (pia: akili unde) na mafunzo kwa watumishi walio karibu na wananchi.

Chimbuko

Shirika la Bima la Taifa (NIC) liliundwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilibaki peke yake katika biashara ya bima Tanzania Bara, hadi sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu kampuni binafsi. Tangu hapo kampuni, mawakala na madalali wa bima wameongezeka, na mahitaji ya wataalamu yamekua pamoja nao. Leo sekta husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha.

Wataalamu wanaohitajika ni wa ngazi mbili. Ngazi ya juu ni ya watakwimu bima, yaani wanahesabu wanaopima uwezekano wa hasara na kupanga ada. Ngazi ya chini ni ya wanaofika kijijini: mawakala, waandikishaji na watathmini hasara. Mkulima hukutana na hawa wa pili tu.

Mazingira ya eneo

Wakazi wengi wa Mbulu na Hanang ni wakulima na wafugaji. Hulimwa mahindi, maharage, ngano, alizeti, mbaazi, vitunguu na vitunguu saumu. Wairaqw ndio wengi. Wako pia Wadatooga, na katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadza. Vijiji vimetawanyika juu ya miinuko na mabondeni, na baadhi ya njia hazipitiki wakati wa masika.

Hatari zenyewe hutofautiana kwa umbali mfupi. Mvua ya mawe inaweza kuharibu shamba moja na kuliacha la jirani. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakiwemo makazi ya Gendabi na Jorodom, na kuua watu zaidi ya 80. Baada ya janga la namna hiyo, nyumba, mashamba na mifugo mingi huhitaji kutathminiwa kwa siku chache, kazi inayowashinda watathmini wachache.

Funzo la Mfuko wa Afya ya Jamii

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Hanang ilikuwa kati ya wilaya za mwanzo kuufuata, kabla ya sheria ya mfuko huo kutungwa mwaka 2001. Hata hivyo, waliojiunga walibaki wachache. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na tathmini za mfuko huo nchini ni kipato kidogo, huduma duni katika zahanati, wananchi kutoelewa maana ya kulipa kabla ya kuugua, na kutowaamini wasimamizi.

Katika CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Waandikishaji wa vijijini walitumia simu kupiga picha za wanachama na kutuma taarifa zao. Simu ilipunguza makaratasi, lakini kumweleza mwananchi kwa nini alipe akiwa mzima kuliendelea kuwa kazi ya mtu.

Kazi za akili mnemba

Akili mnemba ni programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi. Katika bima hutumika hasa kwa kazi tatu.

Kuchambua madai. Mfumo wa kompyuta uliotengenezwa kwa ajili ya CHF nchini Tanzania ulizaa openIMIS, programu huria inayotumika pia nchini Nepal. Kwa ajili ya Nepal iliongezewa sehemu ya akili mnemba inayotenga madai ya kawaida na yale yanayohitaji kuangaliwa na mtu. Hivyo wakaguzi wachache hutumia muda wao penye mashaka.

Kutazama kutoka mbali. Nchini Kenya, bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 hutumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho. Ukame ukizidi kiwango kilichowekwa, fidia hulipwa bila mtathmini kuhesabu mizoga. Hiyo yenyewe ni hesabu ya kawaida, lakini akili mnemba huweza kuongezwa ili kutambua aina ya mazao yanayoonekana pichani.

Kusoma picha za simu. Programu ya Nuru hutambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu, hueleza kwa Kiswahili, na hufanya kazi hata pasipo mtandao. Si programu ya bima, lakini huonyesha kwamba kifaa cha namna hiyo kinaweza kutumika kijijini.

Mafunzo

Watumishi wa ngazi ya juu husomea vyuoni, kikiwemo Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kilichoanzishwa mwaka 1972 jijini Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha shahada ya takwimu bima. Kwa ngazi ya kijiji, mafunzo mafupi huweza kuwafaa maafisa ugani, wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa vyama vya ushirika na mawakala wa benki, kwa kuwa wanajulikana tayari. Mambo ya msingi ni:

- kueleza mkataba, hasa yale ambayo bima hailipi;
- kupiga picha ya hasara inayofaa kama ushahidi;
- kusoma jibu la programu na kujua lini la kulitilia shaka;
- kupeleka rufaa ya mtu aliyekataliwa dai lake;
- kutunza siri za wanachama.

Mipaka

Setilaiti huona ukijani, lakini inaweza kushindwa kutofautisha malisho na magugu yasiyoliwa. Programu iliyofundishwa kwa mifano ya nchi tambarare inaweza kukosea kwenye miteremko ya Mbulu. Aidha, programu inayozungumza Kiswahili haimfikii mzee anayejua Kidatooga au Kiiraqw tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake kuhusu mtu. Kwa mkulima maana yake ni rahisi: dai lake likikataliwa, awepo mtu wa kumweleza sababu na wa kulipitia upya. Kwa hiyo akili mnemba hupunguza kazi ya ofisini, lakini haiondoi haja ya mtumishi wa kijijini aliyefundishwa.

Tazama pia

- Wilaya ya Hanang
- Wilaya ya Mbulu
- Bima
- Akili bandia