Ubaguzi Uliopimwa kwa Futi: Viwanja vya Dar es Salaam

Mnazi Mmoja, uwanja mpana unaotenganisha Posta na Kariakoo, haukubaki wazi kwa bahati. Waingereza waliutenga baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ili Wazungu na Wahindi wakae upande wa bahari, na Waafrika wabaki ng'ambo ya pili, Kariakoo.

Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: malaria na magonjwa mengine yasivuke. Hoja hiyo haikuwa na mashiko. Mpishi, yaya na mtunza bustani walilala vibanda vya uani, hatua chache kutoka vyumba vya mabwana zao wa Oyster Bay, mtaa wa Wazungu, na waliruhusiwa kukaa huko.

Wajerumani, waliotawala kabla ya Waingereza, ndio walioanza mgawanyo huo. Kanuni yao ya ujenzi ya mwaka 1891 iligawa mji kwa aina ya nyumba. Karibu na bahari ziliruhusiwa nyumba imara za mtindo wa Ulaya tu, huku za miti, udongo na makuti zikisukumwa nyuma. Asiyemudu mawe na chokaa aliondolewa na gharama yenyewe, na rangi yake haikulazimika kutajwa. Waingereza walirithi mtindo huo wakawa na kanda tatu, ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Mpango wa jiji wa 1949 uliendeleza mgawanyo huohuo kwa kipimo cha ujazo, yaani wingi wa nyumba na watu katika eneo: mdogo kwa Wazungu, wa kati kwa Wahindi, mkubwa kwa Waafrika. Maana yake inaonekana ukiingia nyumba ya Kiswahili pale Kariakoo. Ukumbi umepita katikati, vyumba vimepangana pande mbili, na nyuma kuna ua wenye jiko na choo kimoja. Kila chumba kiliweza kubeba familia nzima ya wapangaji. Oyster Bay, kiwanja kikubwa mara kadhaa kilikuwa cha familia moja na bustani yake.

Uhuru ulifuta ubaguzi wa rangi kisheria. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, na Waafrika wengi wakapata nyumba Upanga na katikati ya jiji. Oyster Bay ikapokea viongozi wapya, kwenye viwanja vilevile.

Halmashauri bado zinauza viwanja kwa ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Siku hizi kinachochuja ni kipato, na mchuuzi wa Kariakoo bado hawezi kununua Oyster Bay. Wapangaji miji wangeweza kuchanganya viwanja vidogo na vikubwa katika mtaa mmoja, na kuamua hivyo kabla mpima hajasimika bikoni ya kwanza.