Gemu inayokumbuka na Mola asiyesahau

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo.

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na wazazi pamoja na vijana juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kimya kimya. Wazazi wengi tunazifahamu gemu za mpira, za mbio za magari na za kupigana. Lakini ipo aina nyingine ambayo wahusika wake humgeukia mchezaji na kumwambia kwamba wanajua wao wamo ndani ya gemu, wanajua kuwa yupo mtu nje ya kioo anayewaendesha, na wengine humkumbusha hata yale aliyodhani ameyafuta.

Mtoto anayekutana na jambo hilo kwa mara ya kwanza hushtuka. Baada ya kushtuka huanza kuuliza: Huyu amejuaje? Je, na sisi tumo ndani ya mchezo wa mtu mwingine? Maswali haya si ya kuchekwa. Ni maswali ya akida, na mzazi asipoyajibu kwa elimu, mtoto atayatafutia majibu kwingine.

Si jini wala uchawi

La kwanza ni kumweleza mtoto namna mambo haya yanavyofanyika. Tangu mwaka 1991, mhusika Sonic alikuwa akimtazama mchezaji na kugongagonga mguu chini kwa kukosa subira pale anapoachwa amesimama. Huo ulikuwa mzaha mdogo tu. Mwaka 1998 ilitoka gemu ya Metal Gear Solid, iliyoongozwa na Mjapani Hideo Kojima, na ndani yake yumo adui aitwaye Psycho Mantis. Adui huyo hudai kuwa anasoma mawazo ya watu, kisha humtajia mchezaji gemu nyingine anazozipenda. Humtaka aweke pedi yake ya kuchezea mahali patambarare, na pedi ile husogea yenyewe. Tena hukwepa kila pigo, mpaka mchezaji atakapoichomoa pedi na kuichomeka katika tundu la pili la mashine.

Vijana wengi wa wakati ule walistaajabu. Ukweli ni kwamba programu ya gemu hiyo ilisoma kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa katika mashine, ikaona gemu nyingine za kampuni ile ile ya Konami zilizohifadhiwa humo. Pedi nayo ilisogezwa na mota yake ya kutikisa. Hapakuwa na siri nyingine. Mhusika hajui lolote. Aliyejua ni mtunzi wa programu, naye alijua tu kile kilichoandikwa katika kadi. Mwenyezi Mungu (S.W) ametufundisha katika Sura An-Naml, aya ya 65, kwamba hakuna aliyemo mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu ila Yeye. Mtoto akilielewa hili, hofu humtoka, na tauhidi yake hupata nguvu kutoka mahali ambapo hatukupatarajia.

Gemu iliyokataa kusahau

Mwaka 2015 Mmarekani Toby Fox alitoa gemu iitwayo Undertale. Humo mtoto wa kibinadamu huanguka chini ya ardhi, katika nchi ya viumbe wa ajabu. Kila anapokabiliwa na kiumbe, mchezaji huchagua kupigana naye au kumsamehe, na inawezekana kuifikisha gemu mwisho bila ya kuua hata mmoja.

Mwanzoni kabisa mtoto huyo hupokewa na Toriel, ambaye humlea kama mama na kumzuia asiondoke kwa kuchelea hatari iliyoko mbele. Wachezaji wengi humuua hapo, ama kwa haraka, ama kwa kudhani hakuna njia nyingine. Kisha hujuta. Hufanya kama walivyozoea katika gemu zote: huzima, hurudi pale walipohifadhi, na safari hii humsamehe Toriel, naye hubaki hai. Mchezaji hupumua, akidhani yamekwisha. Lakini mbele yake hutokea ua lenye uso, liitwalo Flowey, likamwambia kwamba linajua alimuua Toriel, na kwamba amerudi nyuma kwa sababu ya majuto.

Gemu haikusahau. Iliandika pembeni kile ambacho mchezaji alidhani kimefutika. Karibu na mwisho wa safari, katika ukumbi mrefu, mhusika aitwaye Sans humsimamisha mchezaji na kumhukumu kwa matendo yake. Humfunulia kuwa zile alama alizokuwa akizikusanya kwa furaha, akidhani ni za uzoefu, kumbe ni hesabu ya maumivu aliyowatia wengine. Na aliyeua kila kiumbe hukuta ulimwengu wote umetoweka. Huambiwa kuwa utarudishwa kwa sharti la kutoa nafsi yake, na akikubali, hata akicheza tena kwa wema mtupu, mwisho wake hubaki na doa.

Ndugu wasomaji, hapa tusimame kidogo. Kijana anayetetemeka kwa sababu ua la kuchorwa limekumbuka kosa lake, je, ameshaambiwa nyumbani ni nani hasa asiyesahau? Katika Sura Maryam, aya ya 64, tumefahamishwa kuwa Mola wetu si mwenye kusahau. Katika Sura Al-Kahf, aya ya 49, tumeelezwa juu ya daftari litakalowekwa mbele za watu, na wakosefu watashangaa kuona halikuacha dogo wala kubwa ila limelidhibiti. Sura Yaasin, aya ya 65, inatueleza kuwa vinywa vitazibwa, mikono itasema na miguu itatoa ushahidi. Sura Fussilat, aya ya 20 na 21, inaeleza kwamba ngozi za watu zitawashuhudia wenyewe, nao wataziuliza kwa nini zimefanya hivyo. Na Sura Az-Zilzalah inatukumbusha kuwa ardhi nayo itazisimulia habari zake.

Mkono ulioshika pedi, basi, nao utasema. Utasema ulipoinuliwa kumpiga mdogo asiye na nguvu, na utasema ulipoandika tusi katika simu saa sita za usiku wakati baba na mama wamelala.

Hakuna kurudi nyuma, lakini toba ipo

Tofauti kubwa kati ya gemu na maisha ni mbili, na vijana wetu wanahitaji kuzijua zote mbili kwa pamoja.

Ya kwanza inatisha. Katika gemu mchezaji hurudi alipohifadhi akaanza upya. Katika maisha hakuna kurudi. Sura Al-Mu'minun, aya ya 99 na 100, inamwelezea mtu aliyefikiwa na mauti akiomba arudishwe ili atende mema aliyoyaacha. Naye hukataliwa, na mbele yake huwa kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Neno la kuudhi likishamtoka mtu kwa mama yake halirudi kinywani. Sala iliyoachwa kwa makusudi kwa ajili ya gemu, wakati wake umekwisha kupita.

Ya pili inafariji. Ua lile la katika gemu hukumbuka ili lisute. Linayajua majuto ya mchezaji, na linayafanyia dhihaka. Mola wetu anajua zaidi kuliko hivyo, lakini ameyafanya majuto kuwa mlango. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa kujuta ni toba, na kwamba toba ya mja hupokelewa maadamu roho haijafika kooni. Bali Sura Al-Furqan, aya ya 70, inatupa bishara kubwa zaidi, kwamba mwenye kutubu, akaamini na kutenda mema, Mwenyezi Mungu hubadilisha maovu yake yakawa mema. Mtunzi wa gemu anaweza kumrudisha mhusika aliyeuawa, lakini hana uwezo wa kuisafisha nafsi ya mchezaji. Maisha hayamrudishi aliyekufa, lakini nafsi husafishika. Na pale tulipomdhulumu mtu, toba haikamiliki mpaka tumrudishie haki yake au atusamehe.

Je, nasi tumo ndani ya gemu?

Swali hili vijana hawakulitunga wenyewe. Mwaka 2003, mwanafalsafa Nick Bostrom wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, aliandika makala akihoji kama sisi tunaishi ndani ya kompyuta. Hakusema kwa yakini kuwa ndivyo. Alisema hilo ni mojawapo ya mambo matatu ambayo, kwa hoja yake, angalau moja ni lazima liwe kweli. Mwaka 2016 tajiri Elon Musk alidai hadharani kuwa uwezekano wa sisi kuishi katika ulimwengu halisi ni mmoja katika mabilioni. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Free Guy, juu ya mfanyakazi wa benki anayegundua kuwa yeye ni mhusika wa gemu.

Kijana Mwislamu anaweza kusema: mbona hata Qur'ani imesema dunia ni mchezo? Ni kweli kuwa Sura Al-Hadid, aya ya 20, imeyaita maisha ya dunia mchezo na pumbao, pambo na kujifakharisha. Lakini asome pia Sura Ad-Dukhan, aya ya 38 na 39, atakuta kuwa mbingu na ardhi hazikuumbwa kwa mchezo, bali kwa haki. Na Sura Al-Mu'minun, aya ya 115, inawauliza watu iwapo walidhani wameumbwa bure na kwamba hawatarejeshwa kwa Mola wao. Hapa hapana mgongano. Mchezo ni yale mapambo ambayo watu huyakimbilia wakasahau Akhera. Kuumbwa kwetu si mchezo hata kidogo.

Aidha, mhusika wa gemu hutamka kile alichoandikiwa. Hata anapolalamika kuwa hana hiari, malalamiko yenyewe ameandikiwa. Mwanadamu ameoneshwa njia, kama ilivyo katika Sura Al-Insan, aya ya 3, akawa ama mwenye kushukuru ama mwenye kukufuru. Ndiyo maana yeye ataulizwa, na picha haitaulizwa.

Mwanadamu si picha ya pembeni

Limezuka kwa vijana neno la kudharauliana ambalo asili yake ni gemu. Wahusika wasioendeshwa na mchezaji, wale wauza duka na wapita njia wa pembeni, kwa Kiingereza huitwa kwa kifupi NPC. Tangu mwaka 2018 hivi neno hilo limeenea katika mitandao kama tusi, likimaanisha mtu asiye na fikra zake, aliyewekwa ili kujaza mandhari tu.

Hili ni hatari kuliko tunavyodhani. Anayemwona mwenzake hivyo atamwonaje msichana wa kazi anayeamka alfajiri kumchemshia chai? Atamwonaje mzee anayeomba nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa? Sura Al-Israa, aya ya 70, imetangaza kuwa wanadamu wametukuzwa, na Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Mtume (S.A.W) alitueleza juu ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha. Ikiwa paka si kiumbe wa pembeni mbele ya Mwenyezi Mungu, vipi mwana wa Adamu?

Tahadhari kwa wazazi

Hatuandiki haya ili kutoa fatwa juu ya gemu zote. Hiyo ni kazi ya wanazuoni. Lakini kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kwa hiyo tunanasihi mambo matatu.

Kwanza, mzazi asidanganywe na sura ya nje. Gemu ya Doki Doki Literature Club, ya mwaka 2017, ina michoro ya wasichana wa shule wenye nyuso za furaha, na ilitolewa bila malipo. Ndani yake mna habari za kujiua, na mhusika mmoja, Monika, anayejua kuwa yumo ndani ya gemu, huwafuta wenzake mmoja baada ya mwingine. Watunzi wenyewe wametahadharisha mwanzoni kuwa haiwafai watoto. Tusome maonyo hayo kabla ya mtoto kuifungua.

Pili, tuangalie matamshi. Katika gemu ya OneShot, mtoto Niko hubeba taa iliyo jua la ulimwengu wake, na mchezaji huitwa mungu wa ulimwengu huo. Mtoto afundishwe kuwa cheo hicho hakifai kuchezewa hata kwa mzaha, na kwamba mchezaji huyo, umeme ukikatika, ulimwengu wake wote huzimika.

Tatu, tukae nao. Tumuulize kijana: ulimfanya nini yule adui, na kwa nini ulimsamehe? Mazungumzo ya robo saa baada ya Isha yanaweza kumfundisha kujihesabu kuliko fimbo. Sayyidna Umar (R.A) aliwausia watu wajihesabu wenyewe kabla ya kuhesabiwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na vizazi vyetu kuwa miongoni mwa watakaopokea daftari zao kwa mkono wa kulia, atusamehe tunayoyakumbuka na tuliyoyasahau, naye hajasahau hata moja. Amin.

Wabillahi taufiq.