Vilebu Vinavyotupwa Mtoni

Labda nawe umepata kuyaona haya. Mbwa jike amezaa nyuma ya jiko, vilebu saba. Baba anatazama, kisha anamwita mwanawe: "Vitie guniani ukavitupe mtoni." Mtoto anakwenda akilia, na akirudi hasemi neno siku nzima. Haupiti mwaka, mbwa yule ana mimba tena.

Sisi wa Songea twamhitaji mbwa. Ndiye alindaye mahindi yetu na nyani na nguruwe, na nyumba usiku. Lakini jike hushika joto mara mbili hivi kwa mwaka, na mimba yake ni siku 63 tu. Vilebu wasio na mwenyewe hukua wakizurura sokoni na majalalani, bila chanjo. Kwa njia hiyo kichaa cha mbwa huenea. Na dalili zake zikisha kumtokea mtu, karibu hakuna aponaye.

Njia njema ipo. Daktari wa mifugo humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, kisha dume humtoa mapumbu, na jike humwondolea kizazi. Kidonda hupona kwa muda wa wiki mbili hivi. Wengine husema mbwa aliyehasiwa halindi tena. Sivyo! Hupunguza kuzurura akifuata majike, akakaa kwake. Ila usijaribu mwenyewe kwa kisu; huko ni kumtesa, pengine kumwua.

Je, ni dhambi? Hapana. Maksai huhasiwa tangu zamani, wala hatuungami. Uzazi wa watu una sheria yake, maana mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Mnyama amewekwa chini ya ulinzi wetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba kumtesa au kumwua mnyama bila sababu hakupatani na heshima ya mtu. Basi, kama watafuta kosa, litafute katika lile gunia.

Tena, kuhasi si badala ya chanjo. Mbwa achanjwe kila mwaka. Akimwuma mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, mkimbilie hospitali siku ileile.

Baba na mama, mwulizeni bwana mifugo wenu. Ikiwa yeye hawezi kazi hiyo, atawaelekeza kwa daktari. Mtoto asitumwe tena mtoni na gunia.