Mwenye Kutunza Ndiye Mwenye Wimbo

Katika taarabu ya Tanga mwimbaji hamtaji mtu. Huimba habari za mke mwenza, za jirani mwenye ulimi mrefu, za mpenzi aliyegeuka, na yote hayo kwa mafumbo. Anayefumbua ni shabiki. Husubiri ubeti wake ufike, akainuka kitini na kwenda kwa madaha, noti ikipepea mkononi. Akimpita fulani, hugeuza shingo kidogo tu. Mwenye macho haambiwi tazama. Anapomkabidhi mwimbaji noti ile, ukumbi mzima umeshajua nani kapigwa kijembe.

Huko ndiko kutunza. Thamani ya noti si hoja kubwa. Hoja ni ubeti gani umetunzwa, nani katunza, na mbele ya nani. Aliyelengwa naye ana yake. Akijikausha, watu watasema limemwingia. Akiinuka akautunza ubeti uleule, amelirudisha lilikotoka. Wapiga vyombo wanazijua vita hizi: wakiona watunzaji wanamiminika, huurudia ubeti hadi kila mwenye lake alimalize.

Tanga ilikuwa na mashabiki wa namna hiyo na vikundi vya kuwatosheleza. Miaka ya 1960 na 1970, Black Star na Lucky Star waliiacha taarabu ile ya ala za fidla na kanuni iliyozoeleka Unguja, wakaingiza gitaa za umeme na mapigo yanayomwinua mtu kitini. Sauti ya mwimbaji Shakila Saidi ikavuma nje ya mji, ikasikika redioni. Muziki wa kuchezeka ulimfaa mtunzaji: safari ya kutoka kitini hadi jukwaani ikawa nayo ni maonyesho, na nguo ya sare waliyoshona mashoga ikaonekana vizuri.

Wengi wa watunzaji ni wanawake, na sababu inajulikana. Heshima ya pwani haimruhusu mke kumkaripia wifi hadharani, wala jirani kumvaa jirani mlangoni. Atakayepiga kelele ndiye atakayeaibika, hata kama haki ni yake. Ukumbini, maneno si yake bali ya malenga. Yeye katoa noti tu. Anasema bila kusema, na hakuna wa kumshitaki kwa mzee wa mtaa.

Malenga naye hutunga akilijua hilo. Wimbo wa kisa kimoja cha mtu mmoja huwa na mtunzaji mmoja. Wimbo wenye fumbo pana huingiwa na kila mwenye uchungu wake, na huo ndio unaoombwa harusi hadi harusi. Usiotunzwa hufa.

Miaka ya 1990, ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano kule Dar es Salaam, mwimbaji Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, ulileta mipasho isiyojificha. Mashabiki waligawanyika kambi mbili, na kumbi zikajaa. Wazee walilalamikia matusi. Mimi hasara naiona penginepo: waimbaji wakishapigana wao kwa wao, shabiki anabaki kushangilia ugomvi wa wengine. Fumbo la Tanga lilimwachia mwanamke asiyejulikana nje ya mtaa wake nafasi ya kuamua, kwa usiku ule, wimbo unasema nini na unamsema nani.